Fotoni Moja Kati ya Atomu Mbili: Mfungamano wa Kikwanta kwa Njia ya Nuru

Mwaka 1997, katika maabara ya École Normale Supérieure jijini Paris, kundi la Serge Haroche, mwanafizikia mzaliwa wa Casablanca, Moroko, lilifungamanisha atomu mbili za rubidi ambazo hazikuwahi kugusana. Kiungo kilikuwa fotoni moja tu.

Mtambo wenyewe ulikuwa vioo viwili vya metali ya niobi vinavyotazamana, vilivyopozwa hadi karibu na sifuri halisi, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Elektroni ya nje ya kila atomu ilipandishwa hadi ngazi ya nishati ya 50 au 51. Atomu ya namna hiyo huvimba kupita kiasi, na hapo huweza kuhisi hata fotoni moja ya mikrowevu.

Atomu ya kwanza ilipita kati ya vioo ikiwa ngazi ya 51, kwa mwendo uliopimwa ili uwezekano wake wa kuacha fotoni uwe nusu kwa nusu. Ya pili ikafuata, ikiwa ngazi ya 50. Ikikuta fotoni, huimeza. Mwishowe vioo hubaki vitupu, na atomu moja iko juu (ngazi ya 51), nyingine chini (ngazi ya 50).

Mwenye shaka atauliza ajabu iko wapi. Jozi ya viatu ikigawanywa katika mifuko miwili, anayekuta cha kushoto anajua mwenzake ana cha kulia. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo maana watafiti wa Paris hawakuishia kuhesabu juu na chini. Walizipiga atomu kwa mawimbi ya mikrowevu kabla ya kuzipima, yaani waliziuliza swali jingine kabisa. Majibu yakaoana tena. Viatu havina jibu la swali la pili.

Magazeti, kwa kupenda miujiza, huongeza kwamba mfungamano hupeleka habari kwa kasi ipitayo nuru. Si kweli. Anayepima atomu moja hupata majibu ya kubahatisha tu. Uhusiano hujitokeza pale matokeo ya pande mbili yanapolinganishwa, kwa simu au kwa barua.

Mwaka 2022 watafiti wa Munich, Ujerumani, walifungamanisha atomu mbili za rubidi kupitia kilomita 33 za faiba. Kila atomu ilitoa fotoni yake, na fotoni hizo zikakutanishwa njiani. Nuru ya rubidi, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, hupotea nusu kabla ya kilomita moja ya faiba. Ikabidi igeuzwe kuwa ya nanomita 1517, inayokaribiana na ile inayobeba intaneti.

Kwa umbali mrefu zaidi, vikuza mawimbi vya mikongo ya baharini havisaidii hapa, kwa kuwa hali ya kikwanta isiyojulikana haiwezi kunakiliwa. Vinahitajika virudishi (repeaters) vya aina mpya, na kazi ya kuviunda inawahitaji wahandisi wa faiba sawa na inavyowahitaji wanafizikia.