Habari ya Fulana Zetu
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Mauzo mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumeagizwa na Halmashauri tueleze mbele yenu habari ya fulana zilizouzwa na chama mwaka huu ili kuvisaidia vikundi viwili vya mtaa wetu: kile kinachowasaidia watu waliodhulumiwa kufuata haki zao, na kile kinachowafundisha watu habari za kura na kuwapeleka kuandikishwa. Hesabu atawasomea Bwana Mweka Hazina. Sisi twataka kusema yale ambayo hesabu haina nafasi ya kuyasema.

Wako waliouliza, na waliuliza kwa haki, chama kilichoundwa kwa ajili ya kuzikana na kusaidiana karo kinatafuta nini katika mambo ya kura. Twajibu kwamba wazee waliotutangulia katika vyama kama hiki waliishi zama ambazo kura ilikuwa kitu cha kupimiwa. Mnamo Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, mtu alipimwa kwa elimu yake, mapato yake na mali yake; huyu akapewa kura moja, yule mbili au tatu, na wengi hawakupewa hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa na cheti cha utiifu juu ya hayo. Leo Katiba ya 2010 haimwulizi mtu mshahara wake. Hata hivyo, katika uchaguzi wa Agosti 2022 walioandikishwa walipita milioni 22, na waliopiga kura walikuwa milioni 14 na kitu. Kisha Tume ya Uchaguzi ikakaa bila makamishna kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka Julai 2025, na katika muda huo watoto wetu wengi wametimiza miaka 18. Asiye na kitambulisho wala pasipoti haandikishwi, na kitambulisho ni safari, tena si safari moja. Nauli hiyo ndiyo iliyotuingiza katika biashara ya nguo.

Kikundi cha haki nacho hakihitaji maneno mengi. Mmesikia habari za vituo vya haki za jamii, kama kile cha Mathare kilichotoa taarifa mwaka 2017 juu ya mauaji yafanywayo na polisi. Chetu ni kidogo kuliko hicho, lakini kazi ni ile ile: kuandika yaliyotokea kabla hayajasahauliwa, kutoa nakala za karatasi, kumpeleka shahidi mahakamani na kumrudisha nyumbani.

Basi tulinunua fulana tupu kwa bei ya jumla, tukampelekea fundi wa kupiga chapa hapa hapa mtaani. Hapo tulijifunza jambo. Kila rangi ya maandishi yataka fremu yake yenye wavu, na kila fremu ina bei yake, kwa hiyo picha nzuri iliyochorwa na kijana wetu kwa rangi nne ilibaki katika karatasi, na kifuani tukaandika neno moja tu, “Umejiandikisha?”, kwa rangi nyeusi. Rangi ya fulana yenyewe ilitutaabisha zaidi. Kila iliyopendekezwa, mjumbe mmoja aliinuka kusema kwamba ni ya chama fulani cha siasa. Mwishowe tulichukua kijivu, ambayo hakuna chama kilichoidai. Mama mmoja alituambia kwamba hata wanunuzi hawakuidai.

Twakiri makosa yetu. La kwanza, tuliagiza vipimo kwa kukisia. Fulana kubwa zilikwisha wiki mbili za kwanza, na ndogo zingali ndani ya sanduku. La pili, tuliwakopesha wanachama kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita, na ukafika mwingine. Hatutaji majina, kwa kuwa wengine wao wamekaa katika viti vya mbele.

La tatu ni zito kuliko hayo, nalo ni la ulimi. Baadhi yetu, kwa bidii ya kuuza, tuliwaambia watu kwamba fedha zote za fulana zaenda kwa vikundi. Haikuwa kweli. Tuseme fulana imegharimu shilingi 400 pamoja na chapa, nayo yauzwa 700: kilicho cha vikundi ni 300, wala si 700. Mnunuzi mmoja, mwalimu mstaafu, alituuliza jambo hilo barabarani mbele ya watu, nasi tukakosa jibu. Tangu siku ile mgawanyo huo umeandikwa katika kadi juu ya meza ya mauzo, na malipo ya simu yaingia katika hesabu ya chama, si katika simu ya mtu.

Sasa twafika kwenye jambo lililotugawanya. Alitujia bwana mmoja mwenye nia ya kugombea kiti, akataka kununua fulana zote zilizobaki, ndogo kwa kubwa, kwa fedha taslimu. Sharti lake lilikuwa dogo: jina lake lipigwe chapa mkononi, naye azigawe bure. Tulikaa usiku mpaka saa tano. Waliotaka tukubali hawakuwa watu wa tamaa. Walisema sanduku halimsafirishi shahidi, na walisema kweli. Waliokataa walieleza kwamba Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 yamkataza mtu kumpa mpiga kura kitu ili kumvuta upande wake, na kwamba swali lile la kifuani, likikaa karibu na jina la mgombea, haliwi swali tena bali ni amri. Tulipiga kura. Waliokataa walizidi kwa mmoja.

Yapasa mjue bei ya kura ile. Mwezi uliofuata kikundi cha haki hakikuwa na nauli, shahidi wa mama mmoja wa mtaa huu hakufika mahakamani, na kesi ya mwanawe ikaahirishwa. Mama huyo yumo humu ndani leo. Tulikwenda kwake tukamwambia mambo yalivyokuwa, bila kuficha. Alitusikiliza, akatupa chai, akauliza kesi itatajwa tena lini. Hakusema kama tulifanya vema, nasi hatukuthubutu kumwuliza.

Nauli ya safari ijayo tumekwisha kuitenga, na imeandikwa katika hesabu kwa mstari wake peke yake ili isichanganywe na jingine.

Fulana zilizobaki ziko juu ya meza karibu na mlango, pamoja na ile kadi. Ni za vipimo vidogo, lakini zawafaa watoto wa sekondari na wembamba miongoni mwetu. Hatukopeshi.