MOSHI WA VIWANDA NA MAGARI: MFANYAKAZI NAYE ASIKILIZWE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Soin)

Nimeombwa niseme juu ya mipango ya Serikali ya kupunguza moshi wa viwanda na wa magari. Huenda wengine watauliza, "Chama cha wafanyakazi kina shauri gani na moshi? Kazi yetu si mshahara na nyumba?" Jibu langu ni hili: mshahara hununua unga na sukari, lakini haununui mapafu. Mtu akiharibikiwa na mapafu kazini hakuna duka atakalopata mengine. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

Kwanza tutazame moshi unatoka wapi. Sisi wa Soin tuko chini, penye joto na miwa. Ndugu zetu wako juu, penye baridi na chai. Barabara kuu itokayo Kisumu hupita Kipsitet, kisha hupanda kwenda Kericho. Lori lenye mzigo likipanda kwa gia ndogo huchoma dizeli nyingi, na kama injini yake haikutunzwa, moshi mweusi huwafikia akina mama wanaouza mboga, vijana wa bodaboda, na watoto wanaokwenda shule kwa miguu.

Huko juu, kiwanda cha chai hakiwezi kufanya kazi bila moto. Majani mabichi hunyaushwa, hukatwa, huachwa yageuke rangi, halafu hukaushwa kwa hewa ya moto. Hewa hiyo hupashwa kwa mvuke wa boila, na boila nyingi katika nchi ya chai hula kuni za mikaratusi. Mtia kuni yeyote atawaambia kwamba kuni kavu hutoa joto, na kuni mbichi hutoa machozi. Sababu ni hii: maji yaliyomo katika kuni lazima yachemke kwanza, ndipo kuni ishike moto sawasawa. Joto hupotea bure, na kile kisichoungua vizuri hutoka kuwa masizi na gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo yaweza kumwua mtu katika chumba kisichopitisha hewa. Hivyo bomba la kiwanda litoapo moshi mweusi linamdhuru mfanyakazi, na pia linapeperusha fedha za tajiri. Kuni zilizopasuliwa zikakaushwa chini ya paa kwa miezi kadhaa ni faida kwa wote wawili.

Tusisahau vumbi la chai katika chumba cha kuchekecha. Tusisahau pia mashine za kuchuma majani zenye injini ya petroli. Mwenye kubeba injini hiyo mgongoni huvuta moshi wake siku nzima, hata kama yuko katikati ya shamba la kijani ambalo mgeni akipita husema, "Hapa pana hewa safi!"

Sasa, Serikali imefanya nini? Tuseme haki: mambo mengine yamefanyika. Petroli yenye risasi, yaani ile madini ya sumu, ilikomeshwa nchini Kenya mwishoni mwa mwaka 2005. Mwaka 2015 nchi za Afrika ya Mashariki zilianza kutumia kipimo kipya cha dizeli, kwamba salfa isizidi sehemu 50 katika sehemu milioni moja. Hapo zamani ilikuwa nyingi zaidi mara kadhaa. Mambo hayo mawili hayakuletwa na dereva mmoja mmoja kuwa mwema. Yaliletwa na Serikali kukata shauri. Lakini dizeli safi ikitiwa katika injini mbovu bado itatoa moshi, na kwa hiyo ukaguzi wa magari usiwe wa karatasi tu.

Juu ya sheria, mjue mambo manne. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inasema kila mtu ana haki ya kuwa na mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, wala hahitaji kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Nyongeza ya Nne ya Katiba hiyo imezipa kaunti kazi ya kuzuia uchafuzi wa hewa. Maana yake si Nairobi peke yake tena. La nne ni Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999. Hiyo ilipogeuzwa mwaka 2015 iliweka Kamati ya Mazingira katika kila kaunti, na kazi moja ya kamati ni kutengeneza mpango wa mazingira kila baada ya miaka mitano.

Ndugu zangu, hapa ndipo nataka msikilize sana. Ni nani wanaokaa katika kamati hiyo? Sheria imetaja maofisa wa Serikali. Imetaja wawakilishi wa wakulima au wafugaji. Imetaja wawakilishi wa wafanyabiashara, na wa mashirika yanayoshughulikia mazingira kwa faida ya umma. Wote hao wanastahili. Lakini mtia kuni wa boila hakutajwa. Mama wa chumba cha kuchekecha hakutajwa. Dereva na utingo hawakutajwa. Tajiri ana mlango wa kuingilia. Mtu anayevuta moshi wa tajiri amebaki nje dirishani.

Msidhani ni jambo dogo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri za magari karibu kabisa na nyumba za watu. Moshi na maji yake yalileta sumu kwa wakubwa na watoto. Aliyeanza kupiga kelele alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho hicho, Bibi Phyllis Omido, baada ya mtoto wake mchanga kuonekana ana risasi katika damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, shauri likapanda na kushuka, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayathibitisha malipo hayo. Hesabuni wenyewe: miaka kumi tangu kufungwa kwa kiwanda. Maofisa walikuwapo na sheria ilikuwapo, lakini sauti ya watu wa pale haikusikilizwa mapema.

Nchi za mbali nazo zimejifunza kwa machungu. Mwezi wa Desemba 1952 mji wa London ulifunikwa na moshi wa makaa kwa siku tano, na hesabu ya kwanza ilionyesha kwamba watu wapatao 4,000 walikufa. Mwaka 1956 Uingereza ikatunga Sheria ya Hewa Safi. Katika mitaa iliyokatazwa moshi, mwenye nyumba alisaidiwa fedha za kubadili jiko lake. Lishikeni jambo hilo, kwa sababu linagusa hofu kubwa tuliyo nayo.

Hofu yenyewe ni hii: wengine wanasema, "Tukilalamika juu ya moshi, tajiri ataleta mashine mpya na kutufukuza." Hofu hiyo si ya kipumbavu, watu wa nchi ya chai wameona mashine ikichukua nafasi ya mikono mingi. Lakini kunyamaza hakujaokoa kazi ya mtu, na moshi haujawahi kumwongezea mtu mshahara. Njia yetu ni kudai hewa safi na kazi pamoja, katika karatasi moja. Boila ikibadilishwa, mtia kuni afundishwe kuitumia ile mpya. Matatu kuukuu ikiondolewa barabarani, dereva asiachwe hivi hivi. Gharama ya kusafisha hewa isitolewe katika mfuko wa yule aliyekuwa akiivuta chafu.

Kwa hiyo napendekeza tumwandikie Gavana, ambaye ndiye mwenye kuteua wawakilishi hao, tukiomba watu wa kazi wapewe nafasi katika kamati. Tena tuhudhurie Bunge la Kaunti linapowaita wananchi kutoa maoni. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka liwashirikishe wananchi. Na tukiitwa tusiende mikono mitupu.

Tuende na nini? Twende na habari zilizoandikwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye watu wa upande wa wafanyakazi. Kila mwanachama aulize: kamati yetu iko wapi, na ilikutana lini? Sheria hiyo hiyo inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi mahali hapo hatari isipoondolewa. Basi andikeni tarehe, mahali, moshi ulikuwa wa rangi gani, kuni zilikuwa kavu au mbichi, ni nani aliyekohoa au kuzimia, na msimamizi alijibu nini. Daftari la senti chache lina nguvu kuliko kelele za mkutano mzima.

Katibu wa tawi atapokea habari hizo na kuziweka pamoja. Asiyejua kuandika amweleze jirani yake amwandikie. Siku tutakapoketi na wakubwa wa kaunti, tusiwaambie, "Tunaumia," halafu tukanyamaza. Tuwaonyeshe siku, bomba, na barabara.