KING'ORA CHA REDIO YA GARI: TUMTEGE MWIZI, TUSIMNASE DEREVA

(Hotuba kwa mafundi wa umeme wa magari wa Kitui na Makueni)



Katika gereji zetu, tangu Mwingi na Mutomo hadi Wote na Kibwezi, huletwa magari yenye redio iliyoundwa pamoja na king'ora chake. Mwenye gari husema, "Fundi, kiunganishe na milango, na mwizi akiingia gari lisiwake." Ombi ni jema. Lakini wengi wetu tulijifunza kazi kwa kutazama mkono wa mwenzetu, na makosa yake pia tukayarithi.

Kwanza, redio yenyewe. Katika redio nyingi za dukani, waya wa manjano huchukua umeme wa betri wakati wote, mwekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa, na mweusi huenda kwenye bodi. King'ora hutegemea wa manjano, maana ndio ulio hai gari likiwa limefungwa. Sharti uwe na fyuzi. Tena rangi isiaminiwe kabla ya kupima kwa mita, kwa kuwa redio nyingi zimekwisha kupita mikono mingi.

Pili, milango. Katika magari mengi ya Kijapani, mlango ukifunguliwa swichi yake huunganisha waya na bodi. Magari mengine hufanya kinyume, huleta umeme wa chanya. Pimeni kila mlango, na buti na boneti pia. Swichi moja iliyojaa vumbi ni mlango wazi kwa mwizi. Mota za kufuli nazo hula umeme mwingi, basi zisiungwe kwenye waya mwembamba wa redio bali zipitie rilei. Na plagi za manjano zilizo chini ya usukani, za mifuko ya hewa, msiziguse hata kwa taa ya kupimia.

Tatu, kuzuia gari lisiwake. Hapa ndipo penye roho za watu. Wako wanaokata waya wa pampu ya mafuta wakatia rilei hapo. Barabara ya murram ikilegeza kiungo, injini huzimika gari likienda. Fikirini gari lililojaa abiria likiteremka vilima vya Mbooni: injini ikizima usukani huwa mzito, na breki hukaza baada ya kukanyagwa mara chache. Tulimtegea mwizi, tukamnasa dereva.

Kwa hiyo tukate waya wa stata peke yake. Gari likisha kuwaka halina haja ya stata tena. Na tutumie mguu wa 87a, ule unaopitisha umeme rilei ikiwa imelala. Hivyo rilei ikikosa umeme, mwenye gari hataachwa porini. Mtasema gari la gia za mkono laweza kusukumwa likawaka. Ni kweli. Lakini mwizi anayesukuma gari huku king'ora kinalia hajifichi.

Nne, jina letu. Gari likiibwa, wa kwanza kushukiwa ni fundi, maana ndiye ajuaye rilei ilipofichwa. Basi funguo za watu zisizagae gerejini, kila kazi iandikwe kitabuni, na siri ya gari la mtu isisimuliwe hotelini kwenye chai. Kabla ya kupokea malipo, tufungue milango yote mmoja mmoja mwenyewe akiona.

Mwisho, ndugu, tusishindane kwa kupunguza bei. Anayetoza kidogo kwa kuacha fyuzi na kusokota waya bila kulehemu hamsaidii mteja, anauza moto. Tukubaliane bei ya kazi iliyo kamili, na asiwepo wa kuivunja. Umoja wetu si wa kudai haki zetu tu, bali pia wa kumfikisha nyumbani salama yule aliyetuamini gari lake.