Mtoto Huyu Amekosa Nini?

Leo twataka kutafakari pamoja habari ya mtoto mwenye ukoma.

Huenda mwingine hapa Ruiru akasema, "Ukoma ni habari ya zamani." Ni kweli, tangu mwaka 1989 Kenya imehesabiwa kati ya nchi zenye mgonjwa pungufu ya 1 katika kila watu 10,000. Lakini ugonjwa haujaisha. Wagonjwa wapya bado huonekana, hasa pande za Pwani na za Ziwa. Na katika vyumba vyetu vya kupanga, tangu Githurai hata Kimbo, twakaa na jamaa waliotoka pande hizo zote.

Ukoma huanza polepole. Mtoto hutokewa na baka lililopauka, mgongoni au mkononi. Haliwashi wala haliumi, na majirani husema ni choa. Likikaa miezi mingi, maneno hubadilika: nyanya yake alivunja mwiko, ni thahu, ni laana ya ukoo. Basi mtoto hupelekwa kwa mganga, au hufichwa chumbani, asije akaharibu jina la nyumba na ndoa za dada zake.

Hapo ndipo madhara yanapotokea. Katika baka lile hisia hufa. Mtoto hushika sufuria ya moto asijue. Neva zikiharibika, vidole hukunjamana. Kisha watu huvitazama vidole vile na kusema, "Je, hamwoni laana?" Kumbe ni kuchelewa kulikovikunja! Imani ile huzaa kilema, na kilema huitia nguvu imani ile.

Wengine hushika hata Biblia, wakitaja Miriamu, Mfalme Uzia, na Gehazi pamoja na uzao wake. Lakini tusome kwa uangalifu. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa "ukoma" katika Walawi 13 na 14 lahusu mambo mengi, hata madoa ya nguo na ya kuta za nyumba. Si jina la ugonjwa huu mmoja. Tena, wanafunzi walipomwuliza Bwana Yesu juu ya aliyezaliwa kipofu, kama ni yeye aliyekosa au ni wazazi wake, alikataa yote mawili (Yohana 9). Na mwenye ukoma alipomjia, Bwana hakuogopa kumgusa (Marko 1).

Mwaka 1873 daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, alikiona kijidudu kiletacho ukoma. Hupita kwa pumzi, watu wakikaa karibu kwa muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa, nacho chaweza kukaa mwilini miaka 5 au zaidi kabla ya dalili kuonekana. Ndiyo sababu huonekana kama ugonjwa wa ukoo. Mtoto akiwa nao, huenda yuko mtu mzima karibu naye anayejificha.

Zamani, kule Kumi katika nchi ya Teso, Uganda, wamisionari wa CMS waliwatunza watoto wenye ukoma mbali na wazazi wao. Leo hakuna haja. Tangu mwaka 1981 wagonjwa hupewa dawa kadhaa kwa pamoja, nazo hutolewa bure. Mtoto huzitumia miezi 6 au 12, akilala kwao na kwenda shule. Akiisha kuanza dawa, hawaambukizi wenzake. Mkojo waweza kuwa mwekundu, na ngozi kuwa nyeusi zaidi. Ni kazi ya dawa, si uchawi. Asiache! Naamani hakutakaswa alipozama mara ya tatu. Alitimiza mara saba.

Na ni nani aliyemwonyesha Naamani njia? Ni kijakazi mdogo, aliyesema wazi mahali ambapo wakubwa walinyamaza (2 Wafalme 5). Basi wewe mzazi, na wewe mwalimu wa Shule ya Jumapili, ukiona baka la namna hiyo, mfumbe mtoto macho, uliguse kwa pamba. Asipohisi, usingoje ushauri wa ukoo. Mpeleke hospitali, hapa Ruiru au Thika, nawe na jamaa yako mkapimwe pamoja naye.

Tuombe. Ee Bwana uliyewagusa waliokimbiwa na watu, utuondolee hofu, tusiwafiche watoto uliotupa. Amina.