Matembezi ya Vuli ya Mwanafunzi wa Garissa

Mazungumzo ya leo yahusu matembezi. Wala si matembezi ya kupoteza wakati, bali yale ya mwanafunzi atokaye darasani pamoja na wenzake ili aone kwa macho mambo aliyoyasoma vitabuni.

Neno vuli lina maana mbili. Mtu wa Kenya akisema vuli, ataka kusema mvua ndogo zinyeshazo baina ya Oktoba na Desemba, zile ambazo Wasomali wa Garissa huziita deyr. Lakini wafasiri wamelitumia neno lilo hilo kwa majira ya Ulaya na Marekani, wakati majani ya miti yageukapo rangi na kupukutika. Yuko mtu wa Garissa aliyepata kuzijua vuli zote mbili, naye ni Bwana Abdullahi Hussein Ali, aliyekwenda Marekani kusomea shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wyoming. Elimu aliyoifuata ni ile ya viumbe na mazingira yao.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1886 katika mji wa Laramie, juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 2,000 toka usawa wa bahari. Garissa haifiki hata mita 200. Basi mtu wa huko akifika Laramie hana budi kununua koti zito kabla ya kununua kitabu! Hata hivyo vuli ya huko ni wakati mwema wa kutembea. Wanafunzi huenda kupanda majabali ya Vedauwoo, mashariki ya mji, ambako majani ya miti iitwayo aspeni hugeuka rangi ya dhahabu. Asiyependa kwenda mbali aweza kuzunguka chuoni mwenyewe, mkiwamo jumba la makumbusho lenye mifupa ya wanyama wakubwa mno waliotoweka zamani sana.

Lakini kwa mchunga mifugo ajabu kubwa zaidi iko kando ya barabara. Huko huonekana makundi ya pronghoni, mnyama mfano wa paa, wakila majani bila wasiwasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa. Wakalindwa kwa sheria, wakaongezeka tena.

Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume. Katika nyika iliyo mashariki ya mto Tana yuko mnyama aitwaye hirola, jamaa ya kongoni na nyamera, mwenye rangi ya mchanga, na mstari mweupe usoni kama kwamba amevaa miwani. Hapatikani mahali pengine po pote duniani isipokuwa sehemu hiyo, pengine upande wa pili wa mpaka katika Somalia, na wachache waliopelekwa Tsavo. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu mengi. Mwaka 1974 serikali ilitenga hifadhi ya Arawale kwa ajili yao. Kisha likaja pigo la sotoka katika miaka ya 1980, likawafyeka. Leo inakisiwa kwamba hawafiki 500.

Mwaka 1996 idara ya wanyamapori ilitaka kuwahamisha hirola zaidi kwenda Tsavo. Watu wa Garissa wakakataa, wakaenda Mahakama Kuu ya Nairobi, nayo ikawapa haki. Wengine waliwacheka wakisema: tangu lini mfugaji amempigania mnyama asiyekamwa wala kuchinjwa? Waliocheka hawakuwajua wafugaji. Mnyama huyo hula pamoja na ng'ombe wao, na kwao kumpoteza ni dalili kwamba nchi yenyewe imeharibika.

Swali lililobaki lilikuwa hili: sotoka imekwisha duniani, mbona hirola hawaongezeki? Ndilo swali ambalo Bwana Ali alirudi nalo nyumbani. Hapo matembezi yakageuka kuwa kazi. Katika mwaka wa 2012 baadhi ya hirola walikamatwa na kuvikwa shingoni mikanda yenye vyombo vya kupeleka habari za mahali walipo, ili ijulikane wapi wanapenda kukaa na wapi wanapakimbia. Zikalinganishwa pia picha za nchi zilizopigwa toka angani. Na wazee wa machungani wakaulizwa, kwa maana wao wameiona nyika ile kwa macho yao tangu utotoni.

Jawabu lilichapishwa mwaka 2017. Baina ya 1985 na 2012 eneo lililofunikwa na miti katika nchi ya hirola lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 251. Hirola hula majani mafupi ya uwandani, na huhitaji mahali peupe apate kumwona adui toka mbali. Tembo, ambao kazi yao ni kuangusha miti, walikuwa wamemalizwa na majangili. Na mifugo mingi ilikuwa imeyala majani mpaka mizizi. Hivyo kichaka kikapanda, uwanda ukafungwa. Kwa hiyo ugonjwa wa hirola na ugonjwa wa malisho ya ng'ombe ni mmoja, jambo ambalo mahakamani, mwaka 1996, pengine lisingeaminiwa kwa urahisi.

Siku hizi Garissa ina chuo kikuu chake, kilichopewa hati mwaka 2017. Wasikilizaji wanakumbuka msiba wa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa humo. Milango ilifungwa, ikafunguliwa tena Januari 1916 na mia moja juu yake, yaani 2016. Mwanafunzi wa huko haendi matembezini ovyo. Lakini kusini ya mji, huko Bour-Algi, wenyeji wametenga mahali pa twiga, na anayekwenda na mwenyeji wa hapo ataona shingo zikipita juu ya migunga kabla hajaziona nyayo.

Bwana Ali, ambaye sasa ni Daktari Ali, aliunda chama cha kuwahifadhi hirola, na mwaka 2020 alipata tuzo ya Whitley kule Uingereza. Kazi iliyofuata ni ya mikono: kung'oa miti iliyozidi na kupanda mbegu za majani ya asili. Mbegu hungoja mvua. Tangu mwisho wa 2020 misimu mitano mfululizo ilikuwa haba, ng'ombe wakafa kwa wingi. Vuli ya 2023 ilipokuja ilizidi kipimo, Tana ikafurika, barabara ya kwenda Garissa ikakatika, na watu wakavushwa kwa mashua.