Mfupa unaouma usiku: tujue kansa ya mifupa na namna ya kuitunza

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa chama, Lubumbashi. Tumeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

  

Miye si munganga. Kazi yangu ni kuzunguka Katuba, Kenya na Ruashi, kutembelea familia na kusindikiza wagonjwa lopitali. Mambo ya dawa nitakayosema nimeyapata kwa banganga. Miye ninayaleta tu kwa luga yetu. Komite iliniomba niseme juu ya kansa ya mifupa, sababu leo mutaamua jambo moja: sanduku letu linalipa kilio, je, lianze kulipa pia radio na safari ya mgonjwa? Mutanisikiliza kwanza, kisha mutaamua.

Kansa ya mifupa ni nini

Mwili wetu ni seli nyingi ndogo sana, zinazozaliwa na kufa kwa utaratibu. Kansa ni seli zilizokataa utaratibu huo: zinaongezeka ovyo, zinaharibu mahali zilipo, kisha zinasafiri na damu kwenda mahali pengine.

Kwenye mifupa kuna njia mbili. Ya kwanza, kansa inazaliwa ndani ya mfupa wenyewe. Inayoonekana zaidi inaitwa osteosarkoma. Ni ugonjwa wa nadra, lakini unapenda vijana wa miaka 10 hadi 20, wakati mifupa inakua haraka. Mara nyingi inakaa karibu na goti, au juu ya mkono karibu na bega. Kuna nyingine, sarkoma ya Ewing, ambayo pia inashika watoto na vijana, na kondrosarkoma, inayoshika zaidi watu wazima.

Njia ya pili, kansa inazaliwa kwingine na kuhamia mfupani. Kwa wazee wetu ndiyo inayoonekana zaidi. Kwa mama inatoka mara nyingi kwenye ziwa, kwa papa kwenye prostate. Mzee anasema «mugongo tu, ni uzee», kumbe kuna jambo lingine.

Dalili

Maumivu yanayokaa mahali pamoja, yanazidi wiki kwa wiki, yanamwamsha mtoto usiku. Uvimbe mgumu. Kuchechemea. Mfupa kuvunjika kwa kitu kidogo, kama kujikwaa.

Tusiogope kila maumivu. Mtoto mwenye SS anaumwa mifupa. Kuna usaha wa ndani ya mfupa. Kuna kifua kikuu cha mifupa. Hayo yote yako kwetu na yanatokea zaidi kuliko kansa. Lakini yote yanahitaji munganga. Kwa hiyo sheria yetu iwe moja: mfupa ukiuma zaidi ya wiki mbili au tatu, au uvimbe ukionekana, mtoto apigwe radio. Na kwa mzee anayeumwa mugongo: siku miguu inalegea au mkojo unakataa kutoka, ni lopitali siku ile ile. Kesho anaweza kuwa amepooza kabisa.

Njia ninayoiona mara nyingi

Kijana anacheza mpira, goti linaanza kuuma. Wanasema aliangushwa. Wanamkanda na maji ya moto. Uvimbe unakua. Hapo mtu anasema: «Huyu mutoto alikanyanga dawa, balimutega.» Wanaenda kwa mzee wa mizizi, wanamchanja, wanamfunga. Kisha maombi, siku tatu bila kula. Miezi inapita. Wakifika lopitali, feza imekwisha na ugonjwa umefika kwenye mapafu.

Sikatazi maombi, miye pia ninaomba. Lakini maombi na radio vinaweza kwenda siku moja. Kukanda uvimbe na kuuchanja, hapo ndipo ninaomba tuache. Hata kwenye kliniki ndogo ya kartiye, msikubali wapasue uvimbe wa mfupa kama jipu. Munganga anachukua kipande kidogo cha nyama ya uvimbe ili kipimwe, na kinachukuliwa vizuri zaidi na yule yule atakayefanya operasyo, au kwa mapatano naye. Kipande kikichukuliwa vibaya, mguu ambao ungeokolewa unaweza kupotea.

Wengi wananiuliza: ni mawe ya migodi yetu? Jibu ni la kweli lakini fupi. Radiamu, ambayo zamani ilitolewa katika mawe ya Shinkolobwe na kusafishwa Ubelgiji, inaingia mfupani kama vile kalsiamu. Wasichana wa Marekani waliopaka saa kwa rangi ya radiamu miaka ya 1920, wakichonga brashi kwa midomo, wengine walipata kansa ya mifupa. Basi vijana wasichimbe Shinkolobwe, wala mawe yake yasiletwe nyumbani. Lakini kwa watoto wengi wenye osteosarkoma, sababu haipatikani. Mama asijilaumu, na jirani asishitakiwe ulozi.

Matunzo

Zamani, kabla ya miaka ya 1970, walikata mguu tu. Watu kama 4 kati ya 5 walikufa hata hivyo, sababu seli zilikuwa zimekwisha kwenda mapafuni bila kuonekana. Ndiyo maana sasa dawa kali za kansa, kemoterapi, zinatolewa kwanza kwa wiki kama 10, halafu operasyo, halafu dawa tena. Yote ni miezi 6 hadi 9. Katika nchi zenye vifaa, ugonjwa ukikutwa haujasambaa, vijana 6 au 7 kati ya 10 wanapona. Ukikutwa umefika mapafuni, ni kama 2 au 3. Ndiyo maana ni vizuri mtoto aonekane mapema.

Dawa hizo zinaangusha nywele, zinatapisha, zinapunguza damu. Homa ikimshika mtoto wakati huo, musimpe Paracetamol na kungoja asubuhi. Mumpeleke saa ile ile.

Operasyo ni ya namna mbili. Kutoa mfupa mgonjwa na kuweka chuma au mfupa mwingine, mguu unabaki. Inahitaji fundi na vifaa. Au kukata. Ninajua neno hili linaumiza. Papa mmoja aliniambia: «Heri afe na mikulu yake yote.» Ninamheshimu, lakini mtoto mwenye mguu mmoja anasoma, anaoa, anashona viatu. Tena, kukata peke yake bila dawa hakutoshi. Terry Fox wa Kanada alikatwa mguu mwaka 1977 akiwa na miaka 18, akapata pia kemoterapi, na mwaka 1980 alikimbia siku 143 na mguu wa bandia kutafuta feza za utafiti wa kansa. Ugonjwa ulimrudia mapafuni, akafa 1981. Ndiyo maana hata baada ya matunzo, mapafu yanapigwa radio mara kwa mara.

Mionzi inasaidia sana kwa sarkoma ya Ewing, na kutuliza mfupa ambao kansa imeuhamia. Kwa osteosarkoma inasaidia kidogo. Hapa tuanzie Sendwe au Cliniques Universitaires. Kwa jirani, Lusaka kuna hospitali ya kansa, iliyofunguliwa rasmi 2007. Dar es Salaam kuna Ocean Road.

Na mgonjwa ambaye hataweza kupona tena bado ana haki ya kulala usiku. Morfini ya kunywa ni dawa ya maumivu. Munganga akiipima vizuri, haiharakishi kifo. Muiombe bila haya.

Sisi tuliorudi

Wengi wetu tulikaa Meheba, Kala, Mwange, Mantapala. Kibemba tunasema, njia ya Kasumbalesa tunaijua. Hiyo ni mali: familia ikitumwa Lusaka, mmoja wetu anaweza kuisindikiza. Lakini zamani tulivuka kama wakimbizi. Sasa tunavuka kwa pasaporo na barua ya munganga. Kila familia itunze karatasi, kadi za lopitali za kule, na picha za radio. Musizitupe.

Sasa kura. Ninapendekeza mambo matatu: sanduku lilipe radio ya kwanza ya kila mwanachama na mtoto wake, lisaidie safari ya mgonjwa na msindikizaji mmoja, na bamama wawili kila kartiye wafundishwe dalili hizi. Kemoterapi yenyewe inapita nguvu zetu, sitawadanganya. Hapo ndipo ninawageukia wafadhili wetu watakaosoma maneno haya: musaidie dawa za miezi yote, msiishie mwezi wa kwanza, sababu matunzo yakikatwa katikati, ugonjwa unapata nafasi ya kurudi.

Kilio tutaendelea kulipa, ni desturi yetu. Lakini tulipe radio kwanza.

Maulizo sasa, tuanze na bamama.