Kamera ya Lenzi Mbili: Uliza Kabla ya Kulipa



Kamera ya filamu yenye lenzi mbili, kama Stereo Realist iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1947, hupiga picha mbili kwa mkupuo mmoja, moja kwa kila jicho. Zikitazamwa kwa kifaa chake, kina cha mandhari huonekana. Muuzaji akikwambia kamera hiyo ya mtumba “imegeuzwa ya kidijitali”, mwombe apige mbele yako, akuoneshe picha zote mbili. Akikufungulia chumba cha filamu tu, muulize utaisafishia wapi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Dai risiti yenye maelezo yale yale aliyoyatamka.

Na huenda huna haja ya kununua chochote. Simama kama mita 2 kutoka shina la mbuyu, piga kwa simu yako, isogeze kulia sentimita 6 hadi 7 bila kuigeuza, kisha piga tena. Picha ya kwanza ni ya jicho la kushoto. Shina litatulia. Matawi, kwa upepo wetu huu wa Dodoma, hayatatulia, wala mtoto anayecheza; kwa hao zinahitajika kamera mbili zinazofyatuka pamoja.